Kwa Nini Watu wa Ikongwe Humpa Kisogo Mwenye Kaburi

Ninyi mnaouliza, ilikuwa hivi. Zamani, nyasi za Ikongwe zilipokuwa zikifika magotini na ng'ombe wakilishwa popote, kila kaburi lilipandwa ua alilolipenda marehemu.

Nakiete alikuwa na binti mmoja tu, Nanzia. Homa ilipomchukua, mama alikumbuka kichaka ambacho mtoto alikisifia sana kwenye bustani ya mgeni mmoja kule bondeni: vimaua vimebanana, vya manjano katikati na vya waridi pembeni. Akaomba kijiti, akakipanda upande wa kichwa cha kaburi. Kikashika. Kila jioni alikaa pale akikisimulia habari za nyumbani.

Ndege walikula vitunda vyake vyeusi, wakadondosha mbegu malishoni. Miaka si mingi, vichaka vya miiba viliziba njia na nyasi zikafa chini yake. Ng'ombe waliokula majani yale walibanduka ngozi puani, wakafa. Hakuna aliyejua chanzo, hadi jirani yake Nakiete, mchunga ng'ombe Mgonja, alipofikicha jani la kichaka cha malishoni, akalinusa, akapapasa shina lake la pembe nne. Akaenda kaburini kwa Nanzia, akafikicha jingine. Harufu ilikuwa ileile.

"Mama Nanzia," alisema taratibu, "mti wenyewe ni huu."

"Kateni ya malishoni. Huu niachieni."

Wakakata. Mvua ziliponyesha visiki vikachipua, na ndege wakazidi kuchukua mbegu kaburini. Akafa ng'ombe pekee aliyewapa wajukuu wa Mgonja maziwa. Mgonja hakumlaumu mtu. Lakini Nakiete alipowaona watoto wale wakinywa uji wa maji matupu, alichukua jembe.

Watu walimfuata wamsaidie, akakataa. Mizizi ilikuwa imeshuka mbali, ikambidi achimbe udongo uleule uliomfunika mwanawe.

"Msinitazame," aliwaomba akilia.

Mgonja akageuka, wote wakageuka. Walisikia jembe, kisha vidole vikikwangua. Hakuna aliyetazama nyuma mpaka aliposema, "Umetoka wote."

Na tangu siku hiyo, makaburi ya Ikongwe hayapandwi kitu. Mvua za kwanza zikinyesha, watu hung'oa miche ya kichaka kile ingali midogo, pamoja na mizizi yake. Anayeukuta mche juu ya kaburi la mtu wake huachiwa aung'oe mwenyewe, wenzake wakiwa wamempa kisogo. Mgeni akiwaona, hudhani wamemsusa mwenzao.