Bi Lubaba na Tasa la Maji ya Wadi Sidri

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika bonde lililoitwa Wadi Sidri kulikuwa na kijiji cha Waislamu wakulima ambao hawakuwa na mto wala mvua ya kutegemea. Walikuwa na chemchemi moja tu, huko juu mlimani, na mfereji wa udongo ulioyaleta maji yake mashambani. Yalianza kwa watu wa juu wenye mitende, yakapita kwa watu wa katikati, yakaishia kwa watu wa chini, ambao ndio waliokuwa mafukara wa mji. Na maji yale yaligawanywa kwa tasa.

Sikilizeni vizuri habari ya hilo tasa, maana bila hilo hamtanielewa. Lilikuwa tasa dogo la shaba lililotobolewa tundu chini yake. Liliwekwa juu ya maji ndani ya beseni, likaelea. Maji yakawa yanaingia polepole kwa lile tundu mpaka tasa likazama. Likizama, hilo ni tasa moja. Mwenye zamu ya matasa manne alifunguliwa mfereji mpaka tasa lizame mara nne, kisha akafungwa yeye, akafunguliwa mwenzake. Hapakuwa na saa wakati huo. Riziki ya mji mzima ilikuwa kwenye tundu lile, na kwenye uchaji wa mtu mmoja aliyekaa kando yake, mgawaji maji.

Basi mgawaji maji wao, mzee Hibbani, alifariki dunia. Liwali wa mkoa ule akaleta mpiga mbiu, naye akatangaza kijiji kizima kwamba kazi ya mgawaji maji iko wazi, na atakayeipata atalishwa na Baitulmali, hazina ya Waislamu. Akatangaza pia kwamba Baitulmali itatoa mawe na mafundi wa kuujengea mfereji mpaka kwa watu wa chini, ili maji yasinywewe na udongo njiani, na kwamba mawe hayo atakabidhiwa huyo mgawaji mpya. Kadhi atakuja Alhamisi baada ya sala ya adhuhuri, akae uani mwa msikiti. Anayeitaka kazi aje, na anayemjua mwombaji aje aseme anachokijua.

Naona mnatabasamu. Tabasamuni tu. Mmeshakaa kwenye mikutano ya namna hiyo, na mmeshasoma matangazo ya nafasi za kazi yaliyobandikwa ilhali mwenye kazi alishapongezwa na shemeji zake.

Mwombaji alikuwa mmoja tu, kijana Hudhayfa. Miaka miwili ya mwisho mzee Hibbani alipokuwa hoi, macho yamemwisha, ni Hudhayfa aliyemkalia lile tasa. Alikuwa kijana wa watu, mcheshi, mwenye salamu kwa mkubwa na mdogo, na kila mtu alimpenda. Mama yake, Bi Lubaba bint Salihi, alikuwa mjane mchamungu. Alimlea peke yake kwa kusuka mikeka mpaka vidole vikapinda. Walikuwa na kishamba cha vitunguu huko chini, na miaka miwili ile vitunguu vyake vilikuwa vimestawi ajabu. Alimshukuru Mola wake kwa hilo kila baada ya sala.

“Nikiipata hii kazi, mama, hutagusa tena ukili,” Hudhayfa alimwambia. “Utakaa, utasali, utakula.”

“Inshallah, mwanangu,” akasema, na machozi yakamlenga. Aliitaka kazi ile kuliko hata mwanawe, na tusimlaumu, maana ni mama.

Siku tatu kabla ya ile Alhamisi, akaja jirani yake Bi Unaysa, mjane mwenzake, ambaye shamba lake limepakana na la Bi Lubaba. Alikuwa amekonda mpaka mifupa ya shingo inahesabika.

“Dada yangu, niombee dua,” akasema. “Nimefunga siku saba, natubu. Shamba limekauka. Zamu yangu ni matasa manne kama zamani, naletewa manne, lakini maji hayafiki hata nusu ya matuta. Mwenyezi Mungu ameniondolea baraka. Najiuliza nimemkosea nini, sipati. Pengine ni ulimi wangu. Pengine ni ile siku niliyoipitisha sala ya alasiri.”

Bi Lubaba akamwombea, akampa vitunguu, wakalia pamoja.

Kesho yake adhuhuri akampelekea mwanawe chakula pale kwenye beseni. Alimkuta ameinama, amelishika tasa mkononi, na kidole gumba anakikandamiza kwenye tundu. Alikuwa anatia nta.

“Unafanya nini, Hudhayfa?”

Hakushtuka hata kidogo. Alicheka. “Zamu yako hiyo inaingia, mama. Hili tundu nimelipanua kwa msumari. Likiachwa wazi, linazama upesi. Likitiwa nta kidogo, linakaa sana. Wa juu nawatilia nta, na wewe nakutilia nta.”

“Na Unaysa?”

Hudhayfa akalirudisha tasa majini, akawa analitazama linavyoelea.

Lo! Jamani, mtazameni mwanamke yule. Mwenzake kule amefunga siku saba, anajikagua dhambi zake moja moja mbele ya Mola wake, kumbe maji yake yako kwenye vitunguu vya Lubaba. Tena vitunguu vyenyewe ndivyo alivyompa jana kama sadaka, na yule akashukuru!

“Mwanangu, usiende Alhamisi,” akamwambia. “Nakuomba. Rudisha tundu lilivyokuwa, na uombe msamaha.”

“Wote wanajua, mama. Wa juu wanajua kwa sababu wanakula. Wa katikati wanajua, wananyamaza ili na wao siku moja wale. Unadhani nani atasema?” Kisha akamshika mikono yake ile iliyopinda, akaibusu. “Sikuombi useme uongo. Wewe kaa kimya tu. Kukaa kimya si dhambi.”

Alhamisi ikafika. Kadhi aliitwa Dirari bin Isa, mtu mwembamba, si mwenyeji wa pale. Wanaume wakakaa uani, wanawake nyuma yao upande wa ukuta. Kadhi akasoma barua ya liwali, kisha akamsimamisha Hudhayfa, akauliza, “Mnamshuhudia vipi huyu?”

Na hapa ndipo pana msiba wa watu wale. Walikuwa na desturi, nasi tunayo mpaka leo, kwamba jeneza likiwekwa mbele, imamu huwageukia watu akawauliza wanamshuhudia vipi marehemu, na watu hujibu kwa sauti moja, “Mwema.” Ni desturi nzuri, ya kumsitiri aliyetangulia mbele ya haki. Lakini watu wa Wadi Sidri walikuwa wameijibu maisha yao yote mpaka ulimi umezoea. Kuambiwa simama umseme mtu mbele ya watu, kwao hakukuwa na jibu lingine. Basi akasimama wa kwanza, akasema mwema. Wa pili, mwema. Wa tatu, mwema. Kijana amesimama pale mzima, kifua wazi, anatabasamu, nao wanamshuhudia kama maiti! Watu arobaini walisimama, na kadhi aliwahesabu.

Wanawake nao wakaulizwa. Bi Unaysa akasimama, kiu inaonekana kwenye midomo yake, akasema, “Mwema.” Astaghafirullahi. Yeye naye!

“Kuna mwenye neno jingine?” Kadhi akauliza.

Hudhayfa akamtazama mama yake, na mama yake akamtazama yeye. Kisha Bi Lubaba akapiga moyo konde, akainuka.

“Mimi, kadhi wetu. Si mwaminifu wa maji. Lile tasa tundu lake limepanuliwa, na anawatilia nta anaowataka. Shamba langu mimi limenyweshwa maji ya mwenzangu miaka miwili. Nilikuwa sijui. Sasa najua, na siwezi kuondoka hapa nalo.”

“Wewe ni nani kwake, bibi?”

“Mimi ndiye niliyemzaa.”

Uani pakazuka mguno. Mtu mmoja akasema kwa sauti, “Mama gani huyu?”

Kadhi akaagiza beseni na tasa. Kingo za lile tundu zilikuwa bado zinang'aa pale msumari ulipopita. Akamwambia imamu aanze kusoma Yasini, tasa likawekwa majini wazi, nalo likazama sura haijafika nusu. Likatolewa, likatiwa nta, imamu akaanza upya. Sura ikaisha, tasa linaelea. Hapakuwa na la kuongeza. Hudhayfa hakukana, na hilo tumhesabie.

Mzee mmoja wa watu wa juu akasimama upesi. “Basi kadhi, huyu mwache. Chagua mwingine hapa hapa, tumshuhudie, tupokee mawe yetu.”

“Mtamshuhudia kuwa nini?” Kadhi akauliza.

Mzee akarudi kukaa mahali pake.

“Nimewauliza watu zaidi ya arobaini, na aliyeniambia kweli ni mmoja, tena aliyekuwa na sababu kubwa kuliko nyote ya kunificha,” kadhi akasema. “Siwezi kurudi kwa liwali nikamwambia amana ya Waislamu iko salama mikononi mwenu. Nitamleta mgawaji kutoka mji mwingine, na tasa jingine. Mawe yatakwenda kwa wenye shida kama nyinyi.”

Na mawe yakaenda kweli. Yakajenga mfereji wa kijiji kingine, na watu wa Wadi Sidri wakawa wanausikia tu kwa wapita njia jinsi ulivyopendeza.

Sasa mimi ningependa niwaambie kwamba watu walijirudi, wakamwendea Bi Lubaba wakambusu mkono. Visa vingi ndivyo vinavyokwisha, na nyinyi ndivyo mnavyovipenda. Haikuwa hivyo. Walisema, “Ametukosesha mawe.” Walioiba maji hawakusemwa, na waliosema mwema mara arobaini hawakusemwa. Aliyesemwa ni yeye. Wakaacha kununua mikeka yake. Mferejini akifika, wanawake wananyamaza mpaka aondoke.

Hudhayfa aliondoka siku ile ile na msafara uliokuwa unapita. Mama yake alimfuata mpaka kwenye ngamia, amemshikia mkate.

“Mama za wenzangu wote walikuwapo pale,” akamwambia. “Wao wana watoto wanaokula kwa nta yangu, na walinyamaza.”

Hakuupokea ule mkate. Wala hakurudi tena, wala hakuleta salamu kwa kinywa cha mtu.

Bi Lubaba akamwendea mgawaji mpya, akamwambia zamu zake zote za miaka miwili ziende kwa Unaysa, mpaka haki ya mtu irudi. Vitunguu vyake vikakauka mbele ya macho yake. Unaysa aliyapokea yale maji, shamba likarudi kijani, na alipokuwa akikutana na Bi Lubaba kwenye tuta aligeuza uso. Wapo waliosema ni hasira ya mawe. Mimi nadhani ilikuwa ni haya, kwa sababu ya neno lile moja alilolisema uani. Lakini aliyegeuziwa uso yeye haimpunguzii kitu kujua sababu.

Miaka ikapita. Siku moja akapita pale mwanamke mtafuta elimu, alikuwa amesikia habari zake mbali, akataka kuonana naye. Akamkuta anasuka, mzee sana. Wakazungumza, na mwisho yule mgeni akashindwa kujizuia.

“Bibi yangu, nisamehe. Hujuti kwa siku ile?”

“Najuta,” akasema Bi Lubaba.

Mgeni akashangaa, akadhani hakusikia vizuri.

“Najuta sana. Alipokuwa na miaka saba alirudi nyumbani na tende za watu kwenye kanzu yake. Jirani akaja kuuliza. Nikamjibu mwanangu si wa hivyo, mwanangu ni mwema. Jirani alipoondoka tukazila, mimi na yeye, tukicheka. Siku ile ndiyo nilipaswa kusema. Ningesemea jikoni mwangu, tuko wawili tu, angelia kidogo akalala, na leo angekuwa amekaa hapo ulipokaa wewe. Nilingoja mpaka ikabidi niseme mbele ya kadhi.”

Hivyo ndivyo alivyosema, na tumepokea kwamba alikufa katika mwaka huo, Mwenyezi Mungu amrehemu, na amkutanishe na mwanawe pale pasipo na kiu.

Enyi ndugu zangu, Jumanne ijayo wanakuja wageni wa halmashauri. Watatuuliza juu ya fedha za bomba, na juu ya mtu wa kukabidhiwa funguo za mashine ya maji. Nilikusudia kufunga darsa hii kwa kuwausia nyinyi mseme kweli. Lakini nimeona haya. Walipokuja mwaka juzi wakauliza juu ya yule aliyekuwa na funguo hizo, mimi ndiye niliyekuwa nimekaa safu ya mbele na kilemba changu, na mimi ndiye wa kwanza kusimama. Nilisema ni mtu mwema. Nilikuwa najua.