Bilauri ya Bi Kinyonga

Paukwa!

Pakawa!

Nimimine nisimimine?

Mimina!

Haya, sogeeni. Na wewe wa huko nyuma, acha kumfinya mwenzio. Akilia, hadithi nitaikatisha, na mtagombana wenyewe.

Hapo zamani za kale, zamani hasa, wanyama walipokuwa wakila sinia moja, palikuwa na Bi Kinyonga. Alikaa peke yake juu ya mpera. Mpera huo aliupanda bibi yake. Hakuwa na shamba, hakuwa na mbuzi, hakuwa na kitu kingine duniani. Alikuwa na mpera.

Kila mwaka, joto lilipokaza hata mijusi wakakimbilia kivulini, Jumbe Tembo aliwaalika wanyama wote uwanjani kwake. Kila mmoja alikwenda na chakula au kinywaji. Na desturi ilikuwa moja: ngoma ikinyamaza, hapokelewi mtu tena.

Mwaka wa kwanza Bi Kinyonga alibeba mapera. Akaenda, akaenda, akaenda. Alipofika, akakuta wenzake wanachokoa meno.

Mwaka wa pili alibeba mapera. Akaenda, akaenda, akaenda. Alipofika, akakuta vyombo vinaoshwa.

Mwaka wa tatu alibeba mapera. Akaenda, akaenda, akaenda. Alipofika, akakuta majivu, na Fisi amelala juu yake.

Basi mwaka wa nne Tumbili akaenda kwa Jumbe. Huyu Tumbili alikuwa jirani yake Bi Kinyonga, na ule mpera aliukodolea macho siku nyingi.

"Shikamoo, Jumbe."

"Marahaba. Sema."

"Jumbe wangu, kuna mwenzetu ana mti mzima, na karamuni haleti hata kokwa. Sisi tunatoa, yeye hatoi. Haki iko wapi?"

Jumbe Tembo alikuwa na joto, alikuwa na kiu, na mwenye kiu hapendi maneno marefu. Akamwita Bi Kinyonga, akamwambia, "Mwaka huu ufike kabla ngoma haijanyamaza, na unitengenezee kinywaji ambacho sijapata kukiona. Ukishindwa, mpera ni wa Tumbili."

"Nimesikia, Jumbe," akasema Bi Kinyonga, akageuka rangi ya majivu.

Akarudi mtini kwake, akalia sana. Akalia hata machozi yakamdondokea mkononi. Alipoutazama mkono, akaona kwenye jani ni wa kijani. Akaushika kwenye pera bivu, ukawa wa manjano.

"Ala!" akasema. "Rangi zangu mimi hazigombani. Kila moja hungoja zamu yake. Kwa nini rangi za matunda zisikae hivyo ndani ya bilauri?"

Akabadilishana mapera na majirani kwa matunda yao, akachemsha maji ya komamanga na maji ya miwa, yakawa mekundu na mazito kama asali. Akakamua embe. Akapasua dafu. Akatafuta bilauri ya kioo.

Mara ya kwanza alimwaga vyote kwa pamoja. Ikawa rangi ya mtaro.

Mara ya pili alitanguliza dafu, akafuatisha embe, akamalizia komamanga. Komamanga likazama, likavuruga kila kitu. Ikawa rangi ya mtaro.

Bi Kinyonga akakaa, akafikiri. "Kumbe mzito hakubali kupanda juu ya mwepesi! Basi tumtandikie chini, alale."

Mara ya tatu akatanguliza komamanga. Kisha akachuma jani la mpera, akalilaza ndani ya bilauri, akateremsha embe juu ya jani, tone moja, tone jingine. Kisha dafu, tone moja, tone jingine. Na huku akiimba:

*Mzito kwanza, kaa chini,*
*Mwepesi njoo, panda juu,*
*Tone, tone, sina haraka,*
*Mti wangu siuachi huu.*

Nyekundu chini, manjano katikati, nyeupe juu. Hakuna iliyommeza mwenziwe. Bi Kinyonga akacheka peke yake.

Wimbo ulikuwa umekwisha Tumbili alipokuja kuchungulia. Alikuja juu kwa juu, tawi kwa tawi, akajining'iniza kwa miguu, kichwa chini. Akaiona ile bilauri, na maganda ya matunda kando yake.

"Aa! Kumbe ndiyo hii? Nyeupe chini, manjano katikati, nyekundu juu. Kazi ndogo!"

Akaondoka mbio. Hakuuliza. Hakungoja. Wala hakujigeuza.

Bi Kanga, mpishi wa Jumbe, akapita kuokota kuni. Bi Kinyonga akamwomba, "Shoga yangu, niandalie vyungu vitatu: komamanga lililochemshwa na miwa, embe na dafu. Mimi nitakuja na jani langu tu."

"Vitakuwa tayari, shoga. Wewe njoo tu."

Zikiwa zimebaki siku saba kabla ya karamu, Bi Kinyonga akauma jani la mpera, akashika njia. Akaenda, akaenda, akaenda. Alipofika uwanjani, ngoma ingali ikilia! Ilikuwa inaelekea kunyamaza, lakini ingali ikilia. Furaha ilimpanda hata akawa na madoa ya kila rangi.

Ngoma ikanyamaza. Kabla hajasogea, Tumbili akaruka mbele.

"Jumbe, mimi kwanza! Nina kinywaji hujapata kukiona. Nyeupe chini, manjano katikati, nyekundu juu!"

Bi Kinyonga akageuka tena rangi ya majivu. Akajua ameibiwa. Lakini alipoona Tumbili, aliyekuja na vyungu vyake mwenyewe, anakamata chungu cha dafu kwanza, akafumba jicho moja, akatazama kwa jingine.

Tumbili akamwaga dafu, akamwaga embe, akamwaga komamanga. Rangi ya mtaro.

"Ngojeni, mkono umeteleza!" Akamwaga tena. Rangi ya mtaro.

"Ngojeni, bilauri hii mbovu!" Akamwaga mara ya tatu. Rangi ya mtaro.

Fisi akanusa. Fisi mwenyewe, jamani, asiyekataa kitu! Akasema, "Mimi nimeshiba."

Jumbe Tembo akapiga mguu chini. "Bi Kinyonga, zamu yako."

Bi Kinyonga akaomba bilauri safi. Akatia komamanga. Akalaza jani lake, akaanza embe, tone, tone. Wanyama wakapiga miayo. Hakujali. Akaanza dafu, tone, tone, na wimbo wake chini chini: *Mzito kwanza, kaa chini, mwepesi njoo, panda juu...* Na miayo ikakoma. Wakainuka mmoja mmoja, wakanyoosha shingo, wakaanza kumwitikia: *Tone, tone, sina haraka!*

Akaliondoa jani.

Nyekundu chini, manjano katikati, nyeupe juu. Jua likapita ndani yake, na uwanja wote ukasema "Aaah!"

"Mwizi!" akapiga kelele Tumbili. "Kinywaji changu hicho! Ila amekigeuza juu chini!"

Jumbe akamtazama. "Wewe ulikiona wapi?"

"Nyumbani kwake! Kwa macho yangu mawili, nikining'inia kwenye..."

Akajiziba mdomo kwa mkono. Lakini maneno yalikwisha kutoka.

"Ukining'inia vipi?"

"Kwa miguu, Jumbe."

Ulipasuka mcheko, mcheko! Fisi alianguka chali. Bi Kanga akapiga vigelegele hata sufuria zikaitika. Jumbe Tembo akatia mkonga ndani ya bilauri, akanywa nyeupe, akanywa manjano, akanywa nyekundu, akafumba macho.

"Mpera ni wako," akasema, "na ni wa watoto wako na wajukuu wako. Na kuanzia mwaka huu, desturi ni hii: ngoma hainyamazi mpaka Bi Kinyonga afike. Tumbili, wewe osha bilauri."

"Ngapi, Jumbe?"

"Zote."

Wakambeba Bi Kinyonga mabegani, wakamzungusha uwanja mzima. Naye aliyezoea kukuta majivu alikalishwa mkekani mbele, karibu na Jumbe, akageuka mwekundu, akageuka wa manjano, akageuka mweupe.

Basi, wanangu, ndiyo maana wahenga wakanena: ukiona vyaelea, vimeundwa. Aliyeona vinavyoelea asione vilivyoundwa, ataambulia matope. Na aliyejaliwa mwendo wa pole asiuonee haya, iko kazi inayomngoja yeye tu.

Hadithi yangu nimeimimina yote. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni bilauri niioshe mwenyewe.