Mamba Aliyemeza Adui Asiyekufa

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, wanyama wakisema na maji yakisikia, palikuwa na bwawa. Mlinzi wa bwawa alikuwa Mamba. Kazi yake ilikuwa moja, kumeza adui. Akija mharibifu, gwap! Kwisha. Vyura wakataga, samaki wakazaa, bwawa likatulia.

Siku moja akaja Konokono. Mdogo, mwenye njaa, mla mayai ya wenzake. Mamba akamwona. Gwap! Akammeza.

Konokono hakulia. Alijivuta ndani ya gamba lake, akafunga mlango, kop! Tumboni mlikuwa na giza, na chakula tele. Akasema, "Kumbe nyumba ndiyo hii."

Akala alichokula Mamba. Akazaa. Watoto wake nao wakazaa. Wote wakamwimbia Mamba kutoka ndani, polepole:

"Lala, mlinzi, lala. Adui umeshammeza, lala."

Mamba akalala chini ya maji baridi. Tumbo likavimba. Konokono wakawa wanatoka kinywani mwake, wanakula mayai ya vyura, wanakula ya samaki. Bwawa likaanza kunyamaza.

Ukingoni aliishi Kitwitwi, ndege mdogo mwenye sauti kali. Bibi Chura akamwendea.

"Mjukuu wangu, mwaka huu sina mtoto hata mmoja. Mlinzi wetu yuko wapi?"

"Yupo, bibi. Amelala."

"Basi mwamshe."

"Mdomo wangu huu utamuua konokono gani?"

"Nani kakuambia uue? Wewe piga kelele."

Kitwitwi akatua juu ya pua ya Mamba, iliyochomoza majini. "Twii! Twii! Mamba, toka majini, uje juani!"

"Niache. Adui nimeshammeza."

"Umemmeza, hujamuua! Twii! Njoo juani! Meza mawe!"

Konokono wakaimba, lala. Kitwitwi akalia, twii. Lala. Twii. Lala. Twii. Kitwitwi wengine wakasikia, wakaja, ukingo mzima ukalia, twii! twii! twii!

Mamba akafumbua jicho. Akajikokota hadi mchangani. Jua likampiga. Akameza mawe, gu! gu! Tumbo likapata moto, uchachu ukapanda, mawe yakasaga. Kwacha, kwacha, kwacha! Magamba ya konokono yakapasuka, uchachu ukaingia. Zile sauti za lala zikapungua, ikabaki moja, nayo ikakoma.

Lakini ndege bado walikuwa wanalia, na Mamba bado yuko juani. Ngozi ikaanza kupasuka. Akatweta.

"Kitwitwi, naungua."

Kitwitwi akawageukia wenzake. "Basi! Nyamazeni!"

Kimya. Mamba akarudi majini taratibu, na makovu mgongoni. Masika yaliyofuata Bibi Chura akataga, na mayai yakaanguliwa.

Funzo lake ni hili. Kumeza si kuua, na mwenye nguvu aliyelala huhitaji wa kumwamsha. Hata miilini mwetu zimo seli zinazomeza vijidudu, na vimo vijidudu vinavyoishi humo humo ndani yake. Seli hizo haziviwezi mpaka zipigiwe mbiu na protini ndogo ndogo za kinga. Na mpiga mbiu naye ajue kunyamaza, maana moto unaoua adui huunguza na nyumba.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyesikia amsimulie aliyesinzia.