Jina Moja kwenye Lango la Nyati

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, maana wengi waliokuwapo bado wanatafuna mahindi kwa meno yao wenyewe, kulikuwa na mji wa baridi kule Marekani, kando ya ziwa ambalo huganda mpaka watu hutembea juu yake. Mji huo ulikuwa na timu ya mpira, na timu hiyo iliitwa Nyati.

Mpira wao si kama wetu. Una ncha mbili kama papai dogo, na mikono huutumikia zaidi kuliko miguu. Yupo mrushaji, anayeurusha. Yupo mdakaji, anayekimbia mbele kwenda kuudaka. Akiudaka ng'ambo ya mstari wa mwisho, timu yake huvuna pointi kwa mkupuo. Na wapo walinzi, majitu yanayosimama mbele ya mrushaji kuzuia maadui wasimfikie. Mlinzi aweza kucheza miaka yake yote asiuguse mpira hata kwa kidole.

Hozza Shemdoe alikuwa mlinzi. Alizaliwa Lushoto, akaenda Marekani kusoma kwa sababu ya kipaji cha kurusha tufe, na makocha walipouona mgongo wake wakamnyang'anya tufe wakamvisha kofia ngumu. Aliichezea Nyati mpaka magoti yakagoma. Kila baada ya mechi mama yake alimpigia simu kutoka nyumbani: "Haya baba, leo umeugusa?" Naye alijibu, "Bado, mama." Akastaafu hajaugusa.

Ukafika mwaka ambao uwanja wa zamani ulikuwa ubomolewe na mpya ujengwe. Mwenye timu, Bi Harriet Lindqvist, mama mzee asiyependa maneno marefu, akawaita wachezaji watatu wa zamani. Wa kwanza Cletus Broussard, aliyekuwa mrushaji, mtu wa sauti kubwa na ndevu nyeupe. Wa pili Dorsey Whitlock, aliyekuwa mdakaji, mwembamba bado, anayekaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri kuitwa. Wa tatu Hozza.

"Mechi ya mwisho ya uwanja huu ni Jumamosi," akasema Bi Harriet. "Tukishinda, nataka jina la aliyetushindia. Jina moja. Litachongwa kwenye jiwe la lango jipya, na kila atakayeingia atapita chini yake. Mkubaliane wote watatu. Mkishindwa kukubaliana, jiwe nitaliweka hivyo hivyo, tupu."

"Hiyo ni kazi nyepesi," akasema Cletus.

Basi Jumamosi ikafika, wakaja Chui, timu iliyokuwa haijafungwa msimu mzima, na mshindi ndiye angeingia fainali. Na theluji ikaanguka. Ikaanguka kidogo kidogo, halafu ikaanguka kama pamba inayomwagwa kutoka maguniani. Chui wakawa mbele kwa pointi tatu, na mechi inakaribia kwisha. Mrushaji wa Nyati, Roosevelt Odom, akaupeleka mpira mzuri kwa mdakaji wake, Jarvis Pettway. Pettway alikuwa peke yake. Mpira ukamfika kifuani, ukampita mikononi, ukaanguka. Na wakati huohuo adui mmoja akamkumba Odom usoni, jicho lake la kulia likafura likafunga.

Theluji ikazidi. Mistari ya uwanja haikuonekana tena. Waamuzi wakapuliza kipenga: dakika zilizobaki zitachezwa kesho. Pettway akatoka uwanjani huku mashabiki wa kwao wenyewe wakimtupia madonge ya theluji, na yeye hakuinua mkono kujikinga.

Jumapili watu wakarudi, jukwaa likajaa vilevile. Wazee wetu watatu wakaketi chumba cha juu, chenye dirisha linalotazama uwanja wote. Na theluji bado ilikuwa ikianguka.

Nyati wakasogea mbele kidogo kidogo, kama watu wanaosukuma gari lililonasa kwenye tope. Zikabaki sekunde chache. Kocha akapiga kelele kutoka pembeni: pigeni teke! Teke la kupitisha mpira kati ya milingoti lingewapa pointi tatu, wangekuwa sawa, mechi ingeongezwa muda. Yeyote mwenye akili angefanya hivyo. Odom akamtazama kocha kwa lile jicho moja lililobaki, akatikisa kichwa. Mpigaji teke aliyekuwa anaingia, akamrudisha kwa mkono.

"Amechanganyikiwa," akanong'ona Dorsey.

"Hapana," akasema Cletus, akisimama. "Ameamua."

Kule chini wachezaji wakakusanya vichwa. Yaliyosemwa yalijulikana mara mechi ilipokwisha. Pettway alisema, "Nirushie mimi." Wenzake wakatazamana. Akasema tena, "Nirushie mimi." Na Odom akajibu, "Nitakurushia wewe."

Wakajipanga. Sasa sikilizeni vizuri, maana uwanja mzima ulitazama mpira, lakini Hozza hakuutazama. Hozza alimtazama mlinzi wa kushoto, Lemuel Gaskins, mkongwe aliyekuwa anamaliza msimu wake wa mwisho. Mpira ukaanza. Mlinzi aliyekuwa ubavuni mwa Gaskins akateleza, akaanguka. Pengo likafunguka, na Chui wawili wakaingia kwa pamoja. Gaskins akamzuia mmoja kwa mkono huu na mwingine kwa mkono huu. Hozza akaliona bega lake la kulia likitoka mahali pake. Aliliona kabisa, likashuka kama mlango uliong'oka bawaba. Gaskins hakuanguka. Hozza akashika ukingo wa dirisha. Alijua maumivu yale. Alijua pia kwamba mtu akiyapata mwili wote humwambia jambo moja tu: lala chini. Gaskins akasimama.

Nyuma yake Odom akaurusha mpira, kwa jicho moja, ndani ya weupe mtupu, kwenda mahali ambapo Pettway alikuwa bado hajafika.

Pettway akaruka. Pamoja naye akaruka mlinda nyuma wa Chui, kijana aliyeitwa Thaddeus Crowe. Wakapanda wawili, wakashuka wawili, wakazama kwenye theluji ng'ambo ya mstari, miguu juu, na mpira haukuonekana.

Mwamuzi mmoja akainua mikono: ameudaka! Mwingine akaipunga: umegusa chini, hauhesabiki! Wakatazama picha za kamera. Kamera zilikuwa zimezibwa na theluji, zikaonyesha weupe tu. Pettway mwenyewe aliulizwa, akasema uso wake ulikuwa umezama na mkono umekufa ganzi, hajui. Basi mwamuzi mkuu, mama wa makamo, akapiga magoti karibu na Crowe aliyekuwa bado amelala chini ya mwenzake. Sheria haikumtuma kufanya hivyo, wala haikumkataza.

"Kijana," akasema, "wewe ndiwe uliyekuwa chini kabisa. Mpira uligusa?"

 Ule umati, jamani, ukanyamaza mpaka theluji ikasikika inavyotua. Crowe alijua kwamba neno moja lingewapeleka Chui fainali. Alijua kwamba hakuna mtu duniani ambaye angeweza kumkanusha.

"Haukugusa," akasema. "Uliangukia mkono wangu. Mkono wake ulikuwa juu ya mpira, ameushika. Ameudaka."

Mikono ya mwamuzi ikapanda juu. Nyati wameshinda. Na pale kushoto, kelele zilipolipuka, ndipo Gaskins akapiga magoti.

Basi mpira ukaletwa chumba cha juu, ungali unachuruzika maji, ukawekwa mezani. Bi Harriet akasema, "Fundi wa mawe anakuja leo jioni," akawafungia mlango.

Cletus hakungoja. "Odom," akasema. "Tusipoteze muda. Kocha kamwambia njia salama ni hii, naye akaiacha akijua kwamba akikosa, mji huu hautamsamehe mpaka azikwe. Na akamchagua nani? Yule yule aliyeuangusha jana! Wengine walifanya waliyoambiwa. Odom aliamua. Pasipo kuamua kwake hakuna mengine yote."

"Kuamua!" Dorsey akaruka kitini. "Cletus, nakupenda, lakini ninyi warushaji mnaachia mpira mnabaki kutazama kama watu wengine. Anayebaki nao ni mdakaji. Mimi nimewahi kuuangusha mpira mbele ya watu. Unajua nilifanya nini juma lililofuata? Nilimwomba kocha asinipange. Nilijificha. Huyu mtoto kapigwa madonge na watu wake, karudi kesho yake, kasema nirushie mimi. Kasema mara mbili! Kisha akaenda juu akauchukua kwa mkono mmoja. Kama huyo siye, basi jiwe ni la nini?"

Wakamgeukia Hozza.

"Nyote wawili mlikuwa mnatazama mpira," akasema Hozza taratibu. "Odom alipata muda wa kuamua kwa sababu mtu alimnunulia muda huo kwa bega lake. Pettway alipata mpira wa kudaka kwa sababu hiyo hiyo. Gaskins angelala chini, hakuna ambaye angemlaumu. Wawili kwa mmoja, nani angemlaumu? Odom na Pettway walijua wakifaulu wataimbwa. Gaskins alijua hata akifaulu hakuna atakayemwona. Na bado alisimama."

 Cletus akajikuna ndevu. "Ni kweli," akasema, "lakini kusimama ndiyo kazi yake."

"Na kurusha ni kazi ya nani?" akauliza Hozza.

Wakabishana mpaka sauti zikakauka. Hozza akaomba kutoka apate hewa, akashuka ngazi. Kwenye chumba cha matibabu akamkuta Gaskins amelazwa, bega limefungwa.

"Mzee Shemdoe," akasema Gaskins, "niambie basi. Pettway aliudakaje? Kila mtu anapita mbio, hakuna anayenieleza."

Hozza akamweleza yote: mruko, theluji, mwamuzi aliyepiga magoti, neno la Crowe. Gaskins akafumba macho akasikiliza kama mtu anayeelezwa nchi asiyowahi kufika. Mwishoni akasema, "Alisema hivyo? Yule Chui?" Akarudia, polepole, "Alisema hivyo."

Hozza akatoka pale, na miguu ikampeleka upande wa wageni. Crowe alikuwa ameketi kwenye benchi ukumbini, begi miguuni. Wenzake walipita mbele yake kwenda kwenye basi. Hakuna aliyemtukana. Walipita tu, kila mmoja akitazama pengine.

Hozza akaketi kando yake. "Kijana wangu, samahani. Kwa nini ulisema?"

Crowe akafikiri kwanza, kana kwamba swali lenyewe lilikuwa geni kwake.

"Aliniuliza," akasema.

 Hozza alikaa pale mpaka basi likapiga honi na kijana akainuka. Mzee alikuwa ameona wanaume wakivunjika mifupa kwa ajili ya mchezo ule, ameona mambo makubwa, lakini alipopanda ngazi kurudi alikuwa akitembea kama mtu anayetoka mahali patakatifu.

"Nina jina la nne," akawaambia wenzake.

Alipolitaja, Cletus akapiga meza, mpira ukaruka. "Chui! Kwenye lango la Nyati! Unataka wajukuu zetu wapite chini ya jina la mtu aliyekuja kutufunga?"

"Bila neno lake, hakuna ushindi," akasema Hozza.

"Bila neno lake angekuwa mwongo," akajibu Dorsey. "Tangu lini mtu anachongewa jiwe kwa kutoiba? Na wale wenzake, Hozza? Walitoka damu siku mbili naye akawapokonya fainali kwa sentensi moja. Kamwulize nahodha wao kama huyo ni shujaa."

"Wengine wote watatu walimwaga jasho wakapata ushindi. Huyu peke yake alijua kwamba akifanya lililo sawa atashindwa, na akalifanya."

"Na Gaskins wako?" Cletus akauliza, sasa kwa sauti ya chini. "Umemwacha hivyo hivyo? Nusu saa iliyopita ulikuwa unamlilia. Kama wewe mlinzi humtaji, nani atamtaja?"

Neno hilo likamwingia Hozza. Akaketi. Akauinua mpira kutoka mezani, akaugeuza mikononi, mzito kwa maji ya theluji.

Fundi akaja jioni, patasi zake zimefungwa kwenye turubai. Bi Harriet akafungua mlango. "Jina?" akauliza. Cletus akasema Odom. Dorsey akasema Pettway. Hozza akafungua mdomo kusema Gaskins, akaona akilini uso wa Crowe. Akataka kusema Crowe, akaliona lile bega. Akaufunga mdomo.

Jiwe likawekwa tupu. Lipo mpaka leo, na watu wanapita chini yake wakibishana, Cletus na Dorsey wakiwa miongoni mwao. Hozza yeye hupita kimya, ametazama juu.

Haya, mliokaa hapa na kunisikiliza, mimi nimefika nilipofika, patasi naiacha mikononi mwenu. Yuko aliyethubutu, yuko aliyerudi baada ya aibu, yuko aliyesimama pasipo kuonekana, na yuko adui aliyesema kweli. Mahali ni pa jina moja tu. Je, nani alistahili?