Chubwi za Ausi

Wahenga hawakumpenda mgeni kwa sababu ya zawadi tu. Walijua kuwa mgeni huona kile ambacho mwenyeji amekizoea. Ausi wa Dunda alilitambua hilo siku mgeni wake alipokataa kula.

Ausi alikuwa fundi wa chubwi, vile vizito vya kuzamishia nyavu. Alikusanya betri chakavu za sola na za magari, akazipasua kwa shoka, kisha akayeyusha uani madini ya risasi yaliyomo ndani yake, hatua tatu kutoka jikoni. Wavuvi walimiminika kwake kama siafu. Lakini mwaka huo tumbo lilimsokota, na mkewe, Zuwena, aliamka kila siku mwili umechoka. "Tumetupiwa jicho la husuda," Ausi alisema.

Jumamosi moja akaja Batuli, mdogo wake Zuwena, mfanyakazi wa karakana ya kufumua vifaa chakavu vya umeme huko Dar es Salaam. Akaandaliwa wali wa nazi na changu. Akanawa, akatazama uani, akaona moshi wa sufuria ya risasi ukiingia jikoni. Akarudisha mkono.

"Shemeji, sili."

Uso wa Ausi ukawaka. "Mapishi ya dada yako yamekushinda?"

"Tumbo linakusokota?" Batuli akauliza.

"Nani kakwambia?"

"Hiyo sufuria. Risasi ni sumu, shemeji. Huingia mwilini bila kupiga hodi."

Ausi alinuna kutwa nzima. Hata hivyo, alikwenda hospitalini na mkewe kupima damu, nia yake kumsuta shemeji. Majibu yalikuja kinyume: risasi ilikuwa imejaa katika damu zao wote wawili. "Mmewahi," daktari akawaambia.

Ausi akazima moto wake. Betri zikapakiwa nzima nzima kwenda karakana kwa kina Batuli; udongo wa uani ukaloweshwa ili vumbi lisiruke, ukakwanguliwa, ukapelekwa huko pia. Naye akaanza kufinyanga chubwi za saruji.

"Unawajengea samaki nyumba?" wavuvi walimcheka. Nyavu zilipozama vizuri, kicheko kikageuka foleni.

Damu ilipopimwa tena, sumu ilikuwa imeshuka sana. Zuwena alipiga vigelegele hadi muuguzi akamsihi apunguze. Kesho yake Ausi akaenda Zinga kwa Ishaka, fundi mwenzake aliyekuwa bado anayeyusha betri.

"Karibu! Umetuletea nini?" Ishaka akauliza.

"Nimekuja kukuzimia moto," Ausi akajibu, akacheka na kuketi kumsimulia yote.

Jioni hiyo moto wa Ishaka nao ulizimwa. Hakika, mgeni njoo, mwenyeji apone.