Pimbi na Mtumbwi wa Kutembelea

Hadithi hiyoo, yapiga hodi!
— Karibu, mlango u wazi!
Niiketishe wapi?
— Hapa katikati, tuisikie sote!

Haya. Palikuwa na ziwa, na kando ya ziwa palikuwa na majabali, na juu ya majabali aliishi Pimbi na mama yake. Mama yake alikuwa mzee, miguu imechoka, haiwezi tena mtelemko. Kila asubuhi aliota jua juu ya jiwe lake, akiyatazama mayungiyungi yaliyochanua mbali kule majini, meupe pee!

Siku moja akasema, "Mwanangu, maua yale nayatazama tangu nikiwa msichana. Sijayafikia hata siku moja."

Neno lile likamwingia Pimbi, likakaa. Akila, halishuki. Akilala, halilali. Mwishowe akasema, "Nitatafuta mtumbwi."

Wenzake wakamcheka. "Mtumbwi wa kuvulia?"

"Hapana."

"Wa kubebea mizigo?"

"Hapana."

"Sasa wa nini?"

"Wa kutembelea tu. Nikamwoneshe mama maua."

Loo! Walicheka mpaka wakajishika mbavu.

Pimbi hakuwajali. Kiangazi chote alikusanya utomvu wa miti, akampelekea Fundi Kigong'ota, yule ndege achongaye mitumbwi kwa mdomo wake: ko-ko-ko! ko-ko-ko! Fundi akazibia nyufa za mitumbwi. Kazi ilipokwisha akamwambia, "Bwana Pimbi, umenifaa sana. Chagua mtumbwi mmoja, ni wako."

Ufukweni ilikuwapo mitumbwi mitatu, nusu mchangani, nusu majini. Wa kwanza mrefu, mwembamba, umepakwa rangi nyekundu inayong'aa. Macho yakamtoka Pimbi.

"Huu!"

"Taratibu, bwana. Mtumbwi hauchaguliwi kwa macho, huchaguliwa kwa makalio. Ingia, keti."

Pimbi akaingia, akaketi. Yumba! Yumba! Kidogo aanguke.

"Huo ni wa mashindano," Fundi akasema. "Unakwenda kama mshale, lakini ukipiga chafya umepinduka."

Wa pili mpana, mkubwa kama nyumba. Pimbi akaingia, akaketi. Tuli.

"Huu!"

"Uinue."

Pimbi akainua, akainua, jasho likamtoka. Mtumbwi hata haukutikisika.

"Huo unabeba ukoo mzima," Fundi akasema, "na unataka ukoo mzima wa kuusukuma. Upepo ukiushika, bila wapiga kafi wanne hurudi."

Wa tatu mfupi, tako lake bapa, hauna rangi wala urembo, utadhani chombo cha kunyweshea mbuzi. Pimbi akaingia, akaketi. Tuli. Akaegemea kushoto. Tuli. Akaegemea kulia. Tuli. Akajitwisha kichwani: mwepesi! Akaurudisha majini, akatazama pale katikati, akaona kabisa mahali atakapoketi mama yake. Moyo ukatulia.

Anafungua mdomo aseme "huu", mara akasikia, "Hoo! Hohoo!"

Nyani dume huyo! Kule majabalini kila mtu alimjua. Pimbi akipata jiwe lenye joto, Nyani hulikalia. Pimbi akiona kuyu zilizoiva, Nyani huzila. Alichokipenda Pimbi ndicho alichokitaka Nyani.

"Nasikia mitumbwi inagawiwa," Nyani akasema. "Wewe pimbi, umependa upi?"

Fundi akaruka, akaenda kukilinda kiota. Kiota chake kilikuwa juu ya mti, na Nyani ni mpandaji.

Pimbi akamkumbuka mama yake kule juu ya jiwe. Basi akaruka, akaukumbatia ule mwekundu, machozi yakamchuruzika. "Bwana Nyani, nakusihi, chukua wowote, huu tu niachie!"

"Huu ndio ulioupenda?"

"Ndio huu, bwana!"

"Basi huu ndio wangu!"

Nyani akarukia ndani, akashika kafi. Chapu! Chapu! Chapu! Mtumbwi ukaruka kama mshale kweli. Inzi akamtua puani. Nyani akampiga kofi, pa! Yumba! Yumba! Chubwi!

Akatoka majini na magugu kichwani, akamkaba Pimbi shingo. "Umenidanganya!"

"Bwana, si nilikuomba usiuchukue?"

Nyani akafikiri. Akaona ni kweli, akamwachia. Kisha akaugeukia ule mdogo. "Basi nitachukua huu."

Moyo wa Pimbi ukaanguka, pu! Lakini akajikaza. "Sawa, bwana, uchukue. Mimi nitabaki na ule mkubwa. Nitajaza kuyu humo, nikipita watu watasema, 'Tazameni, mwenye mtumbwi mkubwa kuliko yote.'"

"Watasema ni nani?"

"Pimbi."

"Nani?"

"Mimi, Pimbi."

"Toka hapo!"

Nyani akawakusanya wote waliokuwapo ufukweni, akawasukumisha ule mkubwa, krrrr, mpaka majini. Akajaza kuyu mpaka juu. Fundi akaita kutoka mtini, "Bwana, huo unataka wapiga kafi wanne!"

"Nina nguvu za wanne!"

Upepo ukaja, vuuu! Nyani akipiga kulia, mtumbwi unakwenda kushoto. Akipiga kushoto, mtumbwi unazunguka. Ukachukuliwa mpaka ng'ambo, ukajikita kwenye tope, dwaa! Ukaganda. Angeweza kushuka arudi kwa miguu. Lakini auache? Mtu akiuokota? Nyani akaketi ndani yake, kashika kingo kwa mikono miwili, kila ndege akipita anamfokea, "Wangu huu! Wangu!"

Pimbi naye akapanda majabalini, akamteremsha mama yake, kambeba mgongoni.

"Mwanangu, naogopa."

"Keti chini kabisa, mama, hapo katikati. Usisimame."

Chapu. Chapu. Taratibu tu. Wakapita kwenye mafunjo, wakatokea kwenye mayungiyungi, yamewazunguka kila upande. Mama akanyoosha mkono, akalivuta ua moja mpaka puani. Akanusa, akanusa tena.

"Vipi, mama, linanukia?"

"Hata kidogo!" Akacheka mpaka mtumbwi ukatikisika, lakini haukupinduka. "Nipeleke kwenye lile kubwa. Haya, piga kafi!"

Hadithi imefika bandarini, kamba nimeifunga.
— Nasi tumeshuka, miguu mikavu!

Na mafunzo yake, watoto, ni haya: semeni kweli daima, na jirani akiwanyang'anya kitu mpeni na kingine. Tena ukienda kuchagua mtumbwi wako wa kwanza, chukua mwekundu au chukua mkubwa, wala usiketi ndani kwanza. Ule mdogo usiuguse. Uache hapo hapo ufukweni, mimi nitapita kuutazama.