Pedi Mbili za Safari ya Mama Mmbone

"Pedi ikiisha, mtazame mwenzake." Ndivyo nilivyowajibu mliponilalamikia kwamba mama yenu siku hizi amekuwa mkali bure, nanyi mkacheka eti babu bado anaota gereji. Haya, kaeni. Maneno hayo yalizaliwa mbele ya macho yangu, na nikiyakumbuka mwili bado hunisisimka.

Wakati huo nilikuwa dereva wa gari la maiti, na fundi wake pia. Tulimtoa Mama Mmbone mochari kumpeleka kwake, juu kwenye vilima vya Maragoli. Ilikuwa mchana, lakini ukungu ulikuwa umefunika barabara, na yale mawe makubwa ya kwetu yalionekana kama watu waliosimama kutungoja. Kando ya jeneza walikaa wanawe wawili, Adagala na Kageha, pamoja na baba yao mdogo, Luvai, na shangazi yao, Jerida. Adagala alikuwa ametoka mjini na suti na kilio kikubwa. Kageha ndiye aliyemuuguza mama miaka tisa. Alikuwa amekonda, macho makavu, hajalia hata mara moja.

Tulipoanza kupanda, gari likawa zito, kana kwamba limeshikwa nyuma. Nikakanyaga mafuta, likanguruma tu. Harufu ya kitu kinachoungua ikatuingilia. Luvai akagonga jeneza taratibu.

"Shemeji, nani amekuudhi?"

Kwetu marehemu akikataa safari huulizwa. Tulisikiliza, na nawaambia kweli, niliogopa asije akajibu. Kisha Luvai akamgeukia Kageha. "Wewe hata chozi huna. Shuka!"

Akashuka. Tukakaa kidogo, nikaondoa gari, likateleza laini kabisa. Akapanda tena. Hatukufika mbali, likashikwa. Akashuka, tukangoja, likaachia.

"Mmejionea wenyewe," Luvai akasema. "Mama yake hamtaki. Arudi alikotoka, kaburini hatakanyaga."

Kageha alishika ukingo wa mlango. "Baba mdogo, niache nimzike tu. Nikishamzika, nifukuzeni."

Nilimwonea huruma. Ndipo nikaona moshi kwenye gurudumu la nyuma, na moshi ule niliufahamu. Nikapiga jeki, nikafungua gurudumu. Kalipa, kile chuma kinachozibana pedi mbili za breki kwenye diski ili gari lisimame, ilikuwa imeganda. Tukitembea ilishika na kupata moto. Tukisimama ilipoa, ikaachia. Kageha kushuka au kupanda hakukuhusika. Nikatoa pedi. Ya ndani ilikuwa imekwisha hadi chuma. Ya nje ilikuwa nene kama imetoka dukani.

"Mbovu ni hii," Luvai akasema, akiinyooshea kidole ile nyembamba.

"Hapana, mzee. Kazi yao ni kubana pamoja. Pini inayoileta hii nene imeshika kutu, kwa hiyo mwenzake amefanya kazi ya wawili mpaka akaisha."

Shangazi Jerida akazichukua zote mbili, akazipima viganjani. Akamtazama Kageha kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia Adagala.

"Mwanangu, mara ya mwisho kumgeuza mama yako kitandani ilikuwa lini?"

Ukungu ulikuwa umetukaribia mpaka mawe hayakuonekana tena. Mimi nilikuwa chini napambana na ile pini. Nilikuwa nimeimwagia mafuta, nikaigonga, nikaizungusha kwa spana kwa nguvu zangu zote, wala haikutikisika. Adagala akaweka kiganja juu ya jeneza. Safari hii hakupiga kelele.

"Mama, nilimwachia Kageha peke yake. Nisamehe."

Pini ikageuka mkononi mwangu. Niliitoa kwa vidole.

Mafuta huchukua muda kupenya kutu. Hivyo ndivyo ninavyojiambia hadi leo. Nikaipiga msasa, nikaipaka grisi, nikafunga pedi mpya mbili nilizokuwa nazo za akiba. Gari likapanda na Kageha akiwa ndani. Kaburini Luvai mwenyewe alimpisha atupe udongo wa kwanza. Hapo ndipo chozi lilipomtoka, akalia mpaka shangazi akamshika asianguke.

Sasa mnaniuliza mama yenu ana nini. Hebu nionyesheni viganja vyenu. Laini namna hii? Pedi ikiisha, wajukuu zangu, mtazame mwenzake.